Simran hakuwa polisi: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: "Shikamoo mzee. Mwaka 2008 nikiwa kidato cha pili niliangalia Gangster, ile ya Kangana Ranaut na Emraan Hashmi, kwenye kibanda umiza mtaani kwetu Tanga. DJ aliyekuwa anatafsiri alituambia Simran ni askari kanzu tangu mwanzo, katumwa kumnasa Daya. Juzi nimeirudia kwenye simu pamoja na mke wangu, ina maandishi ya Kiingereza chini, nikakuta mambo ni mengine kabisa. Mke wangu anasema Simran ni msaliti, na Daya kajimaliza mwenyewe kwa kupenda kama mtoto. Mimi nasema Simran alidanganywa. Mpaka leo hatujaelewana. Je, ni kweli hiki ni kisa cha Abu Salem na Monica Bedi? Na kwa nini kwenye picha za Kihindi za majambazi, steringi akishapenda tu, ujue anakufa?"

Marahaba mwanangu, na mkeo nimsalimie.

Nianze na huyo DJ wenu, maana ana kesi ya kujibu na mimi ni shahidi wake. Kabla sijaanza kuandika habari za filamu nilishika maiki kwenye kibanda kimoja Dar es Salaam, karibu miaka miwili. Mabati juu, mabenchi ya mbao, televisheni ya chogo iliyopandishwa juu ya kabati ili wa nyuma nao waone, feni moja inayopuliza joto kutoka kona hii kwenda kona ile. DJ anakaa pembeni na maiki yake. Mtu akisema kitu kwenye picha unapunguza sauti unaongea wewe, ngumi zikianza unairudisha. Hakuna anayekupa maandishi ya mazungumzo. Unaiangalia picha mara moja usiku, unashika mantiki, kesho saa nane mchana umekaa mbele ya watu unatafsiri mubashara. Kihindi changu kilikuwa cha kwenye nyimbo, kilichobaki nilikuwa nabahatisha kutoka kwenye Kiingereza kinachopita chini kwa kasi.

Mwenye kibanda alikuwa na sheria moja tu: nyimbo ruka. Picha ya Kihindi ina nyimbo tano, sita, kila mmoja dakika tano hivi. Ukizitoa zote umepata nusu saa, na nusu saa kila mkanda, kwa siku nzima, ni onyesho zima la ziada. Kwa hiyo wimbo ukianza tu, unabonyeza kitufe cha kupeleka mbele, watu wanacheka wakiona wachezaji wanavyokatika haraka haraka kama kuku, tunaendelea.

Sasa chukua Gangster, ukate nyimbo. Mwanamke yuko Seoul peke yake, mlevi, mpenzi wake jambazi yuko mbali. Anakutana na kijana mwimbaji. Wimbo, ruka. Wimbo, ruka. Mara mwanamke anamtoa mpenzi wake kwa polisi. Kijana wa benchi la mbele anauliza kwa sauti: "Kwa nini?" DJ hana jibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya zile dakika alizoziruka. Ana sekunde mbili. Anasema, "Huyu demu ni polisi!" Kibanda kizima kinasema aaah. Imekubali.

Usimcheke sana. Mimi yalinikuta makubwa zaidi na Satya, picha nyingine ya majambazi wa Mumbai. Nilikuwa nimeruka nyimbo zote, nikaona nahitaji sababu ya kumweka Vidya, mpenzi wa steringi, kwenye kisa, nikawaambia watu ni dada yake Bhiku Mhatre, bosi wa genge. Mambo yakaenda vizuri saa moja na nusu. Kisha Bhiku akauawa, Vidya yuko kwao hana habari, wala chozi halimtoki. Mzee mmoja akasimama: "Dada gani huyu hamlilii kaka yake?" Wakaanza kudai kiingilio. Kilichoniokoa ni umeme kukatika.

Tuje kwenye ugomvi wenu wa nyumbani. Gangster ilitoka tarehe 28 Aprili 2006. Mwongozaji ni Anurag Basu, waliotengeneza ni kampuni ya akina Bhatt, na ndiyo filamu ya kwanza ya Kangana Ranaut, akiwa na miaka 19. Simran ni mcheza dansi wa baa za Mumbai. Hili lilikuwa jambo la moto wakati ule, kwa sababu Agosti 2005 serikali ya jimbo la Maharashtra ilikuwa imezipiga marufuku baa hizo na maelfu ya wasichana walikuwa wamepoteza kazi. Mtazamaji wa Mumbai aliyekwenda sinema Aprili ile hakuhitaji kuelezwa Simran ni nani. Daya, yaani Shiney Ahuja, anamchukua, anamgomea bosi wake Khan kwa ajili yake, na hapo ndipo kukimbia kunapoanza. Wanamlea mtoto, Bittu. Bittu anauawa katika purukushani za polisi kumwinda Daya. Wanaishia Korea Kusini, Simran na chupa yake, Daya na ahadi kwamba ataacha ujambazi.

Hapo anaingia Aakash, Emraan Hashmi, anaimba ukumbini, ana maneno matamu na muda wa kumsikiliza mwanamke ambaye hakuna mwingine anayemsikiliza. Sasa ona werevu wa kuchagua waigizaji. Miaka miwili kabla, Anurag Basu huyu huyu alikuwa amemweka Emraan kwenye Murder, na kuanzia hapo India nzima ilimjua kama kijana wa mapenzi na mabusu. Ukimwona kwenye picha unajua kazi yake: kupenda. Shiney Ahuja kwa upande mwingine ana uso wa mtu aliyebeba kitu kizito, haongei sana, akitokea unashtuka. Kwa hiyo nusu ya kwanza wewe na mkeo na mimi na kibanda kizima tumekaa upande wa Aakash. Tunataka Simran aokolewe. Tunamsukuma. Na Aakash ndiye askari kanzu. Mapenzi yake yalikuwa kazi, ana mshahara wake.

Kwa hiyo DJ wenu hakukosea kwamba kuna askari kanzu katika mapenzi yale. Alikosea mtu. Alichukua siri ya Aakash akaivalisha Simran, na kwa kufanya hivyo akampindua Simran kutoka mtu aliyetapeliwa akawa tapeli.

Mkeo yuko sahihi kwamba Simran alisaliti. Alijua anachofanya: alijua Daya akija atakamatwa, na alimwita aje. Na wewe uko sahihi kwamba alidanganywa. Nionavyo mimi, tatizo lenu ni kwamba kila mmoja anataka jingine lisiwepo. Filamu inakataa. Ingekuwa Simran ni polisi, asingekuwa na la kujutia mwishoni, angepewa cheo. Ingekuwa ni mjinga tu aliyelaghaiwa, angelia akaenda kwao. Lakini Daya ananyongwa, Simran anamuua Aakash, kisha anajirusha kutoka juu ya jengo. Mtu hafanyi hivyo kwa kosa la mwenzake peke yake.

Kuhusu Abu Salem na Monica Bedi. Filamu haiwataji, lakini hakuna aliyekaa Mumbai mwaka 2006 ambaye hakuwaona humo. Abu Salem, mtu wa Azamgarh kule Uttar Pradesh, alikuwa katika genge la Dawood Ibrahim, bosi mkubwa wa majambazi wa Mumbai, na alikuwa anatafutwa kwa milipuko ya mabomu ya Mumbai ya tarehe 12 Machi 1993 iliyoua watu 257. Monica Bedi alikuwa mwigizaji, si wa daraja la kwanza lakini si wa kutupwa pia, mwaka 2001 alionekana kwenye Jodi No. 1. Septemba 2002 wote wawili walikamatwa Lisbon, Ureno. Novemba 2005 wakarudishwa India. Miezi mitano baadaye Gangster ikaingia kwenye majumba ya sinema. Hesabu iko wazi.

Lakini linganisha kidogo utaona mkono wa mwandishi. Hakuna Seoul katika kisa cha kweli. Monica hakumtega mtu, alikamatwa naye pamoja, akafungwa kwa pasipoti ya jina la uongo, akatoka, baadaye akaonekana kwenye televisheni. Na kuna jambo moja ambalo kila nikiiangalia filamu hii hunifanya nitabasamu vibaya. Daya anapelekwa kwenye kamba. Kamba hiyo ndiyo kitu pekee ambacho Abu Salem alikuwa amehakikishiwa hatakiona. Ureno haina adhabu ya kifo, na ilikubali kumtoa baada ya serikali ya India kuahidi kwa maandishi kwamba hatanyongwa wala hatafungwa zaidi ya miaka 25. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2015 kwa mauaji ya mjenzi Pradeep Jain, na tena mwaka 2017 kwa yale mabomu, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ya India ikasema ahadi ni ahadi, miaka 25 ikitimia aachiwe. Yule wa kweli, mwenye damu nyingi mikononi, mkataba ulimlinda. Yule wa kubuni, aliyetaka kuacha, ananyongwa. Ungekuwa wewe ndiye mwandishi, ungemalizia kwa miaka 25 na rufaa? Watu wangedai kiingilio.

Sasa swali lako la mwisho, na kusema kweli ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwa nini akipenda anakufa?

Watu wengi husema ni adhabu, kwamba sinema ya Kihindi ina dini nyingi na mwovu lazima alipe. Kuna ukweli, na bodi ya udhibiti wa filamu ya India nayo haipendi jambazi aondoke akipiga mluzi. Lakini hiyo haielezi kwa nini ni mapenzi yanayomfikisha pale. Angeweza kuanguka kwa fedha, kwa ulevi, kwa ajali ya gari.

Mimi naona hivi: jambazi ana usalama kwa sababu hana pa kumpata. Leo analala huku, kesho kule, majina matatu, hana picha. Siku akipenda, ana anwani. Kuna mlango atakaougonga, kuna saa atakayofika, kuna simu atakayoipokea hata kama amekatazwa kuipokea. Polisi hawahitaji kumtafuta yeye tena, wanamtafuta mpenzi wake, na mpenzi hajifichi kwa sababu hana kosa. Ukiitazama Gangster kwa jicho hilo, Aakash hamfukuzi Daya hata siku moja. Anakwenda kukaa kwenye anwani yake na kusubiri.

Chukua Satya, ya Ram Gopal Varma, iliyotoka tarehe 3 Julai 1998, ile iliyonifedhehesha. J. D. Chakravarthy anaigiza kijana anayefika Mumbai na mfuko wake, na mpaka mwisho hatuambiwi ametoka wapi. Hana kijiji, hana mama, hana jina la ukoo. Hiyo ndiyo nguvu yake ndani ya genge: hana pa kushikwa. Kisha anahamia kwenye chawl, yale majengo ya Mumbai yenye vyumba kimoja kimoja vilivyopangana kwenye ujia mmoja, bomba moja, maneno yote yanasikika, kama nyumba zetu za kupanga, ila zimepandishwa juu ghorofa kwa ghorofa. Mlango wa jirani ni Vidya, Urmila Matondkar, anayetafuta kazi ya kuimba, ana baba mgonjwa. Yeye anamjua Satya kama jirani mpole. Satya anamtafutia kazi kwa mtunzi wa muziki, kwa bastola, na Vidya hajui.

Kisha wanakwenda sinema. Naomba uirudie sehemu hii peke yake. Hakuna kitu cha kawaida kama mtu kumpeleka msichana sinema. Kwa mara ya kwanza Satya ameketi kwenye kiti kimoja, kwa muda wa saa tatu, mbele ya watu mia kadhaa, kama raia. Kuna mtu anamtambua. Inspekta Khandilkar anafika na askari, milango inafungwa ubaki mmoja, watu watoke wakikaguliwa sura. Satya hawezi kutoka bila Vidya kumjua ni nani. Hapo ndipo unaona hesabu inavyopita usoni mwake: haogopi kukamatwa, anaogopa kuonekana. Anafyatua risasi. Umati unakanyagana, watu wanakufa, wao wawili wanapita katikati ya vurugu wakiwa wameshikana mikono, na Vidya bado hajui.

Picha waliyokuwa wanaangalia humo ndani ni Border. Mtazamaji wa India alielewa mara moja. Tarehe 13 Juni 1997, katika ukumbi wa Uphaar, Delhi, moto ulizuka Border ikiwa inaonyeshwa, watu 59 wakafa kwa kukosa pa kutokea. Satya ilitoka mwaka mmoja baadaye. Varma hakuweka jina la picha ile kwa bahati.

Na mwisho wake? Bhiku amekufa, Satya amemlipizia kisasi katika umati wa sherehe ya Ganesh ufukweni, amejeruhiwa, angeweza kukimbia. Anakwenda wapi? Anagonga mlango wa Vidya. Anamwita afungue. Mtu aliyeingia mjini bila anwani anakufa kwenye anwani pekee aliyowahi kuwa nayo.

Ukishaona hilo, litazame kila mahali. Kwenye Parinda ya mwaka 1989, ya Vidhu Vinod Chopra, Karan (Anil Kapoor) anamwoa Paro (Madhuri Dixit), na usiku wa harusi wako kwenye mashua yao, wametulia, na Anna anajua pa kuwapata. Nana Patekar ndiye Anna, bosi anayeogopa moto kwa sababu alimchoma mke na mtoto wake mwenyewe, na sijawahi kuona adui kama huyo katika sinema ya Kihindi kabla wala baada. Alipata tuzo ya taifa kwa kazi ile. Kwenye Deewaar ya mwaka 1975, Anita, aliyebeba mimba ya Vijay, anauawa kabla ya ndoa. Na Vijay mwenyewe anafia hekaluni kwa sababu mama yake alikuwa anamsubiri pale. Anwani si lazima iwe ya mpenzi, ya mama inatosha. Vaastav ya 1999 ilikwenda mbali zaidi: mama ndiye anayempiga risasi mwanawe.

Utaniuliza, hao waandishi walijuaje mambo haya? Walikuwa wanaishi nayo. Miaka ile benki za India hazikuikopesha sinema, hadi serikali ilipoitambua kama sekta rasmi mwaka 1998. Kabla ya hapo fedha zilitoka kwa wenye nazo, na baadhi ya wenye nazo walikuwa wakuu wa magenge waliokaa Dubai. Agosti 1997 Gulshan Kumar, mwenye kampuni ya kaseti za T-Series, alipigwa risasi akitoka hekaluni Andheri, Satya ikiwa katika matengenezo. Januari 2000 Rakesh Roshan alipigwa risasi, akapona, mara tu baada ya filamu yake kufanya vizuri. Januari 2001 Bharat Shah, mfadhili mkubwa wa sinema, alikamatwa kwa tuhuma za kushirikiana na genge. Mtengeneza filamu wa Mumbai hakuhitaji kufanya utafiti wa jambazi. Alihitaji kupokea simu.

Ndiyo maana maneno yao yana harufu ya kweli, na sisi wa pwani tuna bahati ya kuyasikia nusu bila mtafsiri. Bhai ni kaka, na ndiyo jina la bosi. Hafta ni wiki, na ndiyo fedha ambayo mwenye duka hulipa kila wiki ili duka lisiungue. Supari ni popoo, popoo ile ile ya kwenye tambuu, na kule Mumbai "kupokea supari" ni kukubali kazi ya kuua mtu kwa malipo. Peti ni laki moja, khokha ni krori, yaani milioni kumi. Kwenye kibanda nilikuwa natafsiri supari kama "dili". Leo najuta. Bibi yangu alikuwa na kijaluba cha tambuu kitandani kwake, ningesema popoo tu, watu wa makamo wangeshtuka kwa namna ambayo "dili" haishtui mtu.

Enkaunta nayo usiipite. Ni neno la polisi wa Mumbai kwa mshukiwa anayeuawa kwa kile kinachoitwa majibizano ya risasi, na miaka ya 1990 lilikuwa halipumziki magazetini. Kwenye filamu hizi adui si genge peke yake. Vidya hana askari wa kumkimbilia, Simran naye alipomkimbilia mmoja umeona kilichompata.

Kuna moja inayotugusa kwa karibu. Company, ya Varma huyo huyo, mwaka 2002, inafuata ugomvi wa Malik na Chandu, na kila mtu alijua ni Dawood na Chhota Rajan, mtu wake wa zamani aliyegeuka adui. Rajan wa kweli alivamiwa Bangkok mwaka 2000. Kwenye filamu, Chandu anavamiwa Kenya. Vijana wa kibandani kwetu walishangilia kuona mitaa ya nchi jirani kuliko walivyoshangilia risasi zenyewe, na mmoja alikula kiapo kwamba mwenye duka anayepita nyuma ni mjomba wake.

Nikurudishe kwenye nyimbo. Katika Gangster ni za Pritam, na si mapambo. Ule wa kwanza ambao Aakash anaimba ukumbini ni sauti ya KK, aliyefariki Kolkata Mei 2022 mara baada ya onyesho. "Ya Ali" ni Zubeen Garg wa Assam, naye alifariki Singapore Septemba 2025. Ukisikiliza wimbo huo huhitaji maandishi ya chini: unamwita Ali, una rehema ndani, una ishki, maneno ambayo bibi zetu walikuwa nayo kwenye kasida na kwenye taarabu. Huo ndio mtego wenyewe. Mwanamke anayesikiliza sauti kama zile, akiwa mgeni Seoul, akiwa na maiti ya mtoto kichwani, hatofautishi mapenzi na dua. Sisi tuliruka dakika zile tukabaki na maswali ya polisi.

Kwa hiyo mtafutie mkeo Gangster tena, safari hii msiguse kitufe. Kabla yake angalieni Parinda, kwa sababu baada ya Anna mtamwelewa Daya vizuri zaidi, ni jambazi wa aina nyingine kabisa. Satya iwe ya tatu, usiku, mkiwa hamna pa kwenda kesho yake. Vaastav mnaweza kuiweka akiba kwa siku mama mkwe akija, kama ana moyo. Company ni nzuri lakini mapenzi yake ni baridi, wanawake mle wana akili kuliko waume zao na hakuna anayewauliza.

Na yule DJ kama bado yuko Tanga, usimsimange. Mtafute, mnunulie kahawa, mwulize siku ile aliruka nyimbo ngapi. Akisema "zote", mwambie kuna mzee Dar anamsalimu.